Somo la Sinema za Karamu za Vijana

Jueni, enyi wazazi na waalimu, ya kwamba madhara ya sinema hayamo katika lile inalolionesha tu, bali yamo katika lile inalolisifu. Mtoto huona ovu likikemewa akaonyeka. Na huliona lile lile likishangiliwa akalitamani.

Mfano wake ni sinema ya Marekani iitwayo Project X, iliyotoka mwaka 2012. Hadithi yake ni ya vijana watatu wa shule katika mji wa Pasadena. Wazee wa mmoja wao walisafiri, naye akafanya karamu ya siku ya kuzaliwa kwake. Watu wakazidi hata wakapita elfu. Wakalewa, gari ya baba ikatumbukizwa katika birika la kuogelea, na moto ukashika mtaani.

Swali: Je, kijana yule hakuadhibiwa?

Jawabu: Aliadhibiwa. Baba yake alitwaa akiba ya masomo yake kulipia hasara, na mashtaka yakamfika. Lakini baba yule yule aliustaajabia ukubwa wa karamu, na wanafunzi wakampokea mwenzao kwa shangwe. Basi adhabu ilitajwa, na sifa ikaifunika.

Swali: Na matunda yake ni yapi?

Jawabu: Tarehe 21 Septemba mwaka ule ule, huko Haren, Uholanzi, binti aliyekuwa akitimiza miaka 16 alitoa mwaliko katika Facebook asiufunge kwa rafiki zake tu. Ukaenea kwa jina la sinema ile. Maelfu wakaja, duka likaporwa, moto ukawashwa, watu wakajeruhiwa. Kamati iliyoongozwa na Job Cohen, katika taarifa yake ya Machi 2013, ilitaja ulevi na kutojiandaa kwa wakuu. Kwa hivyo si insafu kuitwika sinema mzigo wote. Lakini jina lake ndilo lililokuwa mwito.

Na hukumu katika madhehebu ya Shafi'i ni kwamba aharibuye mali ya mwenziwe hulazimika kuilipa, ajapokuwa mtoto asiyebaleghe. Hutolewa katika mali yake. Utoto humwondolea dhambi, haumwondolei deni.

Basi mzazi asitosheke na kusema, "Usitazame." Amwulize mwanawe: Ni nani aliyeuzima moto ule? Jirani alilala wapi usiku ule? Na hasara yake ililipwa na nani? Mtoto aliyezoea kuuliza hayo hadanganyiki na makofi. Samaki mkunje angali mbichi.

Wallahu aalamu.