Usimlaumu Mwenzako Kabla ya Kuipima Kerneli



Somo la toleo hili ni la ndugu zetu wanaosoma kompyuta na uhandisi, hasa walioanza miradi ya mwaka wa mwisho. Wewe unayesoma sheria au udaktari usifunge ukurasa, kwani mwanzo na mwisho wa somo hili unakuhusu pia. Nitaeleza jinsi ya kusanidi machaguo ya kusaka hitilafu wakati wa kujenga kerneli ya Linux. Nitaanza na kosa nililolifanya mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Kosa langu

Mwaka jana, hapa Kampala, mimi na mwenzangu tulichukua mradi wa kifaa cha kupima joto la tangi la kupozea maziwa, kwa ajili ya wafugaji wa upande wa Mbarara. Kihisi joto kinachomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Mimi niliandika kiendeshi kinachosoma kihisi. Mwenzangu aliandika sehemu inayotunza vipimo na kuvikabidhi kwa programu za kawaida. Sehemu zote mbili zilikuwa moduli za kerneli.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipoanza kuchomoa kihisi na kukichomeka tena, kama mfugaji atakavyofanya. Baada ya mara kadhaa kompyuta iliganda. Skrini ilijaa maandishi, na juu kabisa ya orodha ya funksheni palikuwa na jina la funksheni ya mwenzangu. Ilitokea mara tatu, na mara zote tatu jina lilikuwa lake. Alipitia msimbo wake mstari kwa mstari kwa siku mbili, akasema haoni kosa.

Mimi nikaenda kwa mwalimu anayetusimamia, nikasema mbele ya wanafunzi wengine kwamba tumechelewa kwa sababu ya kazi ya mwenzangu. Mwenzangu hakujibu. Alikusanya daftari zake akatoka.

Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Kerneli mnayoitumia mmeijenga na machaguo gani ya kusaka hitilafu?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tunatumia kerneli iliyokuja na mfumo, ambayo vipimo vizito vyote vimezimwa ili kompyuta iwe nyepesi. Akasema: "Basi huna ushahidi. Una jina tu."

Kwa nini jina halitoshi

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa memori, inayopanga zamu za programu na inayozungumza na vifaa. Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland.

Programu ya kawaida ikigusa memori isiyo yake, kerneli huisimamisha na nyingine zinaendelea. Ndani ya kerneli yenyewe hakuna ukuta wa namna hiyo. Kiendeshi changu na sehemu ya mwenzangu vinakaa katika memori moja. Nikiandika mahali pasipo pangu, hakuna anayenizuia wakati huo. Anayeanguka ni yule atakayekuja baadaye kusoma pale nilipoharibu.

Chukua mfano wa bweni. Mwanafunzi amerudisha ufunguo wa chumba, lakini amebaki na nakala. Chumba kinapewa mwingine. Yule wa kwanza anaingia usiku kama alivyozoea, anavuruga vitu, anaondoka. Asubuhi anayepiga kelele ni mkazi mpya. Ukiandika jina la aliyepiga kelele ukamwita mkosaji, umemdhulumu.

Machaguo ya kusaka hitilafu ni walinzi wa bweni hilo. Lakini lazima wawekwe kabla. Mengi yake huingizwa ndani ya msimbo wakati wa kujenga kerneli, kwa hiyo huwezi kuyaongeza baada ya kompyuta kuganda. Tahadhari kabla ya hatari.

Hatua za kusanidi

Kwanza, pata msimbo wa kerneli, ingia katika folda yake, kisha anza na usanidi unaofanya kazi tayari kwenye kompyuta yako:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig

Faili .config ndilo linalobeba machaguo yote. Ukitaka ujenzi uwe mfupi, tumia make localmodconfig, ambayo hubakisha moduli zinazotumika wakati huo tu. Kabla ya kuitoa amri hiyo chomeka kila kifaa unachokihitaji, la sivyo kiendeshi chake kitaachwa nje.

Pili, ipe kerneli yako jina. Katika chaguo la CONFIG_LOCALVERSION andika kitu kama -majaribio. Ukishawasha kompyuta, amri ya uname -r itakuonyesha kama kweli umeingia katika kerneli mpya. Usiifute ile ya zamani, ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani.

Tatu, andika make menuconfig na uingie katika sehemu iitwayo "Kernel hacking". Usipotee katika orodha yake ndefu. Bonyeza alama ya / kisha andika jina la chaguo. Utaonyeshwa liko wapi na linategemea machaguo gani mengine.

Nne, chagua kulingana na swali ulilonalo. Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunawasha kila kitu halafu kompyuta inatambaa.

Swali la kwanza: kosa liko mstari gani? Washa CONFIG_DEBUG_INFO. Katika kerneli za karibuni utalipata kwa kuchagua aina mojawapo ya taarifa za DWARF. Hakikisha pia CONFIG_KALLSYMS imewashwa, ili ripoti itoe majina ya funksheni badala ya namba tupu. Chaguo hili halipunguzi sana kasi ya kompyuta, lakini linakula diski. Mimi nilikuwa na GB 14 zilizobaki, zikajaa kabla ujenzi haujaisha, na usiku wangu ukaenda bure.

Swali la pili: nani anagusa memori isiyo yake? Washa CONFIG_KASAN. Iliingia katika Linux toleo la 4.0, mwaka 2015. Katika hali yake ya kawaida, kwa kila baiti 8 za memori huweka baiti 1 pembeni ya kuandika kama eneo hilo linaruhusiwa kuguswa. Kwa hiyo sehemu moja ya nane ya memori huondoka, na kasi hupungua kiasi cha mara tatu. Pia huchelewesha kugawa upya memori iliyoachwa, ili anayerudi kwa nakala ya ufunguo anaswe mlangoni kabla chumba hakijapata mkazi mwingine.

Swali la tatu: je, kufuli zangu zinaweza kufungana? Uzi mmoja ukishika kufuli A ukasubiri B, na mwingine ukashika B ukasubiri A, wote watasimama milele. Washa CONFIG_PROVE_LOCKING, iliyoingia katika toleo la 2.6.18, mwaka 2006. Uzuri wake ni kwamba haisubiri mkwamo utokee. Hutazama mpangilio wa kushika kufuli na kukuonya kwamba mkwamo unawezekana. Pamoja nayo washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, inayokushtaki ukiita funksheni inayoweza kulala mahali ambapo kulala ni marufuku.

Swali la nne: je, ninachukua memori bila kuirudisha? Washa CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK. Huikagua memori kila baada ya dakika 10 na kuorodhesha vipande vinavyoonekana havina mwenyewe. Kifaa kitakachowashwa miezi mingi bila kuzimwa, kama chetu cha maziwa, hakifai kukosa kipimo hiki.

Tahadhari: mbebaji mmoja habebi mizigo yote. Kuna kipimo kingine, CONFIG_KCSAN, cha kunasa nyuzi mbili zinazogombea data moja bila kufuli, nacho hakiwezi kuwashwa pamoja na KASAN. Tena, vipimo vizito hubadilisha mwendo wa mambo, na hitilafu inayotegemea sekunde kamili inaweza kujificha. Jenga kerneli mbili tofauti kama maswali yako ni mawili.

Tano, kabla ya kujenga, hakikisha. Chaguo likikosa kile linachokitegemea huondolewa kimya kimya. Kwa hiyo andika grep KASAN .config na usome kwa macho yako.

Sita, jenga na usakinishe:

make -j4
sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install

Usiache INSTALL_MOD_STRIP=1. Huondoa taarifa za kusaka hitilafu katika moduli zinazosakinishwa, ili sehemu ya /boot isijae. Taarifa kamili zinabaki katika folda ulikojengea, kwa hiyo usiifute folda hiyo.

Saba, jenga upya moduli zako mwenyewe dhidi ya kerneli hii mpya. KASAN hupandikizwa wakati wa kujenga. Ukisahau hatua hii, moduli yako haitakuwa na mlinzi ndani yake.

Ripoti ilivyosema

Tulirudia jaribio siku ya Jumamosi, mimi na mwenzangu, katika maabara isiyo na watu. Alikuja kwa sababu nilimwomba. Hatukuzungumza sana. Nilichomoa kihisi mara moja tu, na dmesg ikatoa ripoti yenye maneno slab-use-after-free. Maana yake ni kwamba kuna aliyetumia memori ambayo ilikwisha kurudishwa.

Ripoti ya KASAN huwa na sehemu tatu za kusomwa kwa makini: nani ameigusa memori sasa, nani aliichukua mwanzoni, na nani aliirudisha. Tuliihifadhi katika faili na kuipitisha katika scripts/decode_stacktrace.sh pamoja na faili la vmlinux, ikatupa mistari kamili ya msimbo. Sehemu zote tatu zilitaja faili moja. Lilikuwa langu.

Kiendeshi changu kilipanga kazi ya kusoma joto irudiwe kila baada ya muda. Kihisi kilipochomolewa, nilirudisha memori kwa kfree bila kwanza kuifuta ile kazi iliyokuwa njiani. Kazi ilifika kwa wakati wake na kuandika kipimo mahali ambapo si petu tena. Katika kerneli ya kawaida, mahali pale palikuwa pamekwisha kupewa rekodi ya mwenzangu, kwa kuwa vitu vyetu vilikuwa na ukubwa unaokaribiana na kerneli huvipanga katika ghala moja. Niliharibu pointa yake, na yeye alipoisoma ndipo kompyuta ikaanguka, jina lake likiwa juu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: kuita cancel_delayed_work_sync kabla ya kfree. Mstari mmoja wangu, na siku mbili zake.

Nilimwambia hapo hapo: "Ndugu yangu, kosa ni langu, nisamehe." Akasema amesamehe. Lakini nilikuwa nimemsema mbele ya watu, kwa hiyo Jumatatu nilirudi kwa mwalimu, nikawaomba wale wanafunzi wasikilize, nikasoma ripoti ile mbele yao na jina la faili langu. Sote tumefundishwa tokea utotoni tahadhari ya kudhani na wajibu wa kuthibitisha habari. Sikuwa nimefikiria kwamba inahusu pia maandishi ya kompyuta.

Baada ya kusaka

Ukimaliza, usimpelekee mtumiaji kerneli yenye KASAN. Jenga nyingine nyepesi, ila usiiache kipofu. Bakiza CONFIG_KALLSYMS. Bakiza CONFIG_DETECT_HUNG_TASK, ambayo kwa kawaida huripoti kazi iliyokwama kwa zaidi ya sekunde 120. Ongeza CONFIG_KFENCE, iliyoingia katika toleo la 5.12 mwaka 2021. Hii hukagua sehemu ndogo tu ya memori inayogawiwa, kwa kudokoa, kwa hiyo gharama yake ni ndogo na inaweza kukaa kwenye kompyuta ya kazi.

Jambo la mwisho la kukumbuka unaposoma ripoti: anza na ya kwanza. KASAN kwa kawaida hutoa ripoti moja kisha hunyamaza, na kipimo cha kufuli nacho hujizima baada ya onyo lake la kwanza. Rekebisha, washa kompyuta upya, jaribu tena. Kimya baada ya ripoti si uthibitisho kwamba msimbo umepona.

Zoezi

1. Andika moduli ndogo inayochukua memori kwa kmalloc, inairudisha kwa kfree, kisha inaandika ndani yake. Iendeshe katika kompyuta pepe ya QEMU, kwanza bila KASAN, kisha ukiwa nayo. Linganisha unachokiona.

2. Katika ripoti utakayopata, taja aliyechukua, aliyerudisha na aliyegusa.

3. Ikiwa unafanya mradi na mwenzako, kaeni leo mkubaliane ni vipimo gani mtaviwasha kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo.

Anayekwama aniulize baada ya darsa la Alhamisi. Mwenzangu naye huwa yupo, na katika kufuli ananishinda.