Kuchagua Magurudumu na Mipira ya Gari la Shamba

Mkulima aliyejaliwa kununua gari la kuchukulia mazao, hata likiwa kuukuu, hushauriwa upesi na jirani zake atie mipira mikubwa zaidi. Humwambia kwamba gurudumu kubwa halishindwi na matope. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, na alifuataye bila kupima aweza kuunguza klachi na kuharibu gia kwa fedha ya mavuno ya mwaka mzima. Basi yafaa ujue kuusoma mpira, kisha uulinganishe na gari lako, na mzigo wako, na udongo wa kwenu.

Tazama ubavuni mwa mpira. Ukikuta 7.50-16, kama ilivyo katika Land Rover nyingi za zamani zenye mwili mrefu, maana yake upana wake ni inchi 7 na nusu, nao hukaa katika rimu ya inchi 16. Ukikuta 235/85R16, hiyo ni hesabu ya siku hizi: 235 ni upana kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 85 katika mia za upana huo, R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni rimu kwa inchi. Sasa chukua kalamu. Sehemu 85 katika mia za 235 ni karibu milimita 200. Ubavu uko juu na chini, basi ni 400. Inchi 16 ni milimita 406. Jumla ni 806, nacho ndicho kimo cha gurudumu zima. Mpira wa 7.50-16 wakaribia kimo hicho hicho, ndiyo sababu wengi hutumia mmoja badala ya mwingine, rimu ikiwa yafaa.

Tuseme gari lako lilitoka kiwandani na mipira ya 205/80R16. Ukifanya hesabu ile ile utapata kimo cha milimita 734. Ukitia ile ya 806, umeongeza milimita 72. Lakini ekseli haitainuka kwa 72, bali kwa nusu yake, 36, kwa kuwa iko katikati ya gurudumu. Hiyo ndiyo faida yote upatayo juu ya mawe na visiki: upana wa vidole viwili. Na hasara je? Kila mzunguko wa gurudumu sasa walipeleka gari mbali zaidi kwa karibu sehemu 10 katika mia, na injini ni ile ile. Utakapopanda mlima na magunia utaona gari limekuwa zito, nawe utazidi kukanyaga klachi. Breki nazo zitakuwa na kazi kubwa kuliko ile zilizotengenezewa. Kipima mwendo kitasema 60, nawe wakimbia 66. Tena ukikata usukani mpira waweza kusugua bodi. Mafundi wengi hushika kanuni ya kwamba kimo kisizidi wala kupungua zaidi ya sehemu 3 katika mia. Kwa gurudumu la 734 hiyo ni milimita 22 tu.

Ikiwa gari lako lavuta kwa magurudumu manne, mipira yote minne na iwe ya kimo kimoja, na wa akiba pia. Kimo kikihitilafiana, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana yakizunguka, na ushindani huo huishia katika sanduku la gia. Watu wengi hununua miwili mipya mikubwa kwa nyuma wakaacha ile ya zamani mbele. Ni afadhali mtu huyo asubiri mpaka apate fedha ya minne.

Karibu na kipimo utaona tarakimu nyingine na herufi, kama 110Q. Tarakimu hiyo yaonyesha uzito ambao mpira mmoja waweza kuuchukua ukiwa umejazwa upepo kamili: 100 ni kilo 800, 110 ni kilo 1,060, na 120 ni kilo 1,400. Mzigo wa nyuma hulemea zaidi magurudumu ya nyuma. Ikiwa ekseli ya nyuma imebeba kilo 1,700, kila mpira wachukua 850. Basi ule wa 100 umezidiwa, ingawa machoni waonekana mnene na imara. Mpira uliozidiwa hupata joto njiani na kupasuka, na mara nyingi juu ya magunia huwa wameketi watu.

Tukija kwenye udongo, hapa ndipo ushauri wa jirani hupotoka zaidi. Katika njia ya udongo mwekundu iliyolowa, ambayo chini ya utelezi ina ardhi ngumu, mpira mwembamba wenye meno marefu hukata matope ukafika chini ukashika. Mpira mpana huelea juu ya utelezi, na gari likaenda upande. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na mipira ya 6.00-16, myembamba kuliko ya magari mengi madogo ya leo. Lakini katika mchanga wa pwani hakuna ardhi ngumu ya kufikia. Huko gari lataka kuelea. Hata hivyo huna haja ya kununua mipira mingine. Punguza upepo, tuseme kutoka ratili 32 kwa kila inchi ya mraba hata 18, na mpira utalala ukawa na unyayo mrefu zaidi. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo mdogo, usizidi mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na ukifika barabarani ujaze tena kwa pampu kabla ya kukimbia.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Mwea au Usukuma, ni habari nyingine. Ukilowa sana huganda juu ya mpira, hujaza meno yote, na gurudumu likawa kama tufe la ugali. Hakuna kipimo cha mpira kitakachokuokoa hapo; ngoja pakauke. Wala usipitishe gari lenye mzigo katikati ya shamba bichi, kwani uzito wake hushindilia udongo chini ya upeo wa jembe, na mizizi ya mahindi hushindwa kupenya. Weka njia moja ya gari pembeni, uishike hiyo hiyo.

Ukinunua mipira iliyokwisha kutumika, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2318 maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno mazuri. Ukiukunja ukaona nyufa nyembamba, uache.

Kwa rimu maneno ni machache. Matundu ya nati na tundu la katikati yalingane na ya gari, na upana ulingane na mpira. Zile zinazotokeza nje kwa fahari hulemea beringi na kuufanya usukani uwe mzito. Magurudumu yakiisha kufungwa, nenda kilomita 50 hivi, kisha simama ukaze nati zote tena kwa mkono wako mwenyewe.