Uchawi, Mauaji ya Vikongwe na Maneno Tunayoyaficha
Somo kwa kamati za parokia na jumuiya



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo vikao vyetu hulipitia kwa haraka. Ni mauaji ya wazee, hasa akina mama wazee, wanaotuhumiwa kuwa wachawi. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, lakini tatizo hili tulilirithi tangu Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa sehemu ya Shinyanga.

Tunalipitia haraka kwa sababu kila upande unajua jibu linalotakiwa. Mwezeshaji anasema uchawi ni imani potofu. Washiriki wanaitikia, wanakula chakula cha mchana na kusaini karatasi ya mahudhurio. Ripoti inaandikwa kwamba jamii imeelimika. Jioni, yule yule aliyeitikia anaweza kupita kwa mganga wa ramli kuuliza ni nani aliyemwulia mtoto wake. Tusimwite mnafiki. Mchana kutwa hakuna aliyemwuliza anaamini nini, aliulizwa tu kama ameelewa.

Ukimya wa namna hii una gharama. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha operesheni ya kukomesha mauaji katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo watuhumiwa waliteswa mahabusu na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika, ingawa si yeye aliyetesa mtu. Watanzania wengi wanamkumbuka kwa uungwana huo. Wachache wanakumbuka kwamba jambo lenyewe lilitokea huku kwetu, na kwamba mauaji ya vikongwe hayakukoma.

Mwaka 2009, baada ya mauaji ya kikatili ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali iliitisha kura za siri katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo. Wananchi waliombwa kuandika majina ya watu wanaowashuku. Tunaelewa sababu: watu walikuwa wanaogopa kusema hadharani. Lakini karatasi isiyo na jina la mwandishi haiwezi kuulizwa swali. Mwenye ushahidi na mwenye chuki ya mpaka wa shamba wanatumbukiza karatasi zinazofanana. Mganga wa ramli naye anataja jina gizani, na mwenye jina hapewi nafasi ya kujitetea.

Mvua na vifo

Wilaya ya Meatu ina jambo la kutufundisha. Mwaka 2005 mchumi wa Kimarekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 67 vya wilaya hiyo. Alilinganisha mvua na mauaji kwa miaka 11. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao wenyewe.

Tusome matokeo haya kwa uangalifu. Hayasemi kwamba watu wanajifanya tu kuamini uchawi huku wakikusudia kupunguza walaji. Hakuna utafiti unaoweza kuona ndani ya moyo wa mtu. Yanachosema ni kwamba imani ipo mwaka mzuri na mwaka mbaya, bali panga linatoka zaidi mwaka wa njaa. Kwa hiyo anayesema "ni ujinga tu" amesema nusu, na anayesema "ni umaskini tu" naye amesema nusu. Hata yale macho mekundu yanayotajwa kuwa dalili ya uchawi yana historia ya jikoni: miaka mingi ya moshi wa kuni, mabua ya pamba na samadi kavu, katika nchi ambayo miti imekwisha.

Maandiko magumu

Wapo Wakristo wanaoshika Kutoka 22:18 na kusema Biblia yenyewe imeamuru mchawi asiachwe hai. Tusiwanyamazishe, na tusijifanye mstari huo haupo. Tuwaombe tusome nao zaidi. Kumbukumbu la Torati 18 linakataza uchawi, na hapo hapo linakataza kupiga ramli. Sura inayofuata inadai mashahidi wawili au watatu, na inaagiza shahidi wa uongo apewe adhabu ile ile aliyomkusudia mwenzake. Basi aliyekwenda kwa mpiga ramli ili apate jina la mchawi amekwisha kuivunja sheria anayotaka kuisimamia. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Yesu anakataa kuwapa jina.

Marafiki wa Ayubu nao wanatufaa. Siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walipoanza kumtafutia kosa ndipo walipoharibu.

Namna ya kuzungumza

Tuchukue mfano. Mtoto amekufa kwa malaria. Mganga wa zahanati ameeleza ugonjwa, na baba haukatai. Anasema, "Najua ni mbu. Lakini kwa nini mbu amuue wangu, na watoto wa jirani wapone?" Mwanakamati anayerukia kueleza tena habari za mbu hajasikia swali. Afadhali aseme, "Pole sana, baba. Tueleze siku zake za mwisho." Katika maelezo hayo yatatoka mambo mengi: walichelewa kwa sababu hapakuwa na nauli, dawa zilikuwa zimekwisha, kulikuwa na ugomvi na shangazi juu ya ng'ombe wa mahari. Mengine yanaweza kurekebishwa. Mengine ni huzuni tu, na mwanakamati akiri kwamba hana jibu la "kwa nini wangu".

Tutenganishe pia maswali ambayo hutupwa katika chungu kimoja. Kama uchawi upo au haupo, waumini wetu hawataafikiana katika kikao kimoja, na si lazima waafikiane. Kama bibi fulani amemwua mtoto fulani ni swali jingine, linalohitaji ushahidi, na ramli si ushahidi. Tofauti hii iwahusu waganga pia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatambua tiba ya asili. Mama anayetoa dawa ya mizizi kwa tumbo asiwekwe kundi moja na mpiga ramli chonganishi, kwa maana tukiwatukana wote pamoja, wote watatukimbia.

Ila kuna mpaka. Jina la mtu likishatajwa, au vitisho vikishatolewa, hapo si mahali pa mjadala tena. Mtendaji wa kijiji na polisi wapewe taarifa siku hiyo hiyo, na bibi asilale peke yake.

Kwa marafiki wanaofadhili kazi hii, tunaomba jambo moja lisilopendeza katika bajeti. Semina zinahesabika kirahisi kuliko mahindi ya mwezi Januari. Hata hivyo, kama Meatu imetufundisha kweli, akiba ya chakula, jiko sanifu lenye kutoa moshi nje, na kipato kidogo mkononi mwa mzee vinaweza kulinda uhai kuliko semina nyingine moja. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote waliofikia miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Bibi mwenye kitu cha kuchangia nyumbani haonekani mzigo. Nasi kwa upande wetu, katika ripoti tuandike pia kikao kilichoshindikana na watu waliotukatalia.

Tunapendekeza jumuiya zifanye somo hili mwezi Oktoba, kabla ya kujulikana mvua itakuwaje. Tengeni vikao viwili. Cha kwanza kiwe cha kusikiliza tu, akina mama wazee wakae mbele nao wazungumze kwanza. Katika cha pili jadilini haya: mwaka wa njaa uliopita, nani alisemwa vibaya kijijini kwetu, na nani alianza kumsema? Majina yasiandikwe. Tunaomba kila kamati itutumie yale ambayo waumini hawakukubaliana.