Mungu Hamwachishi Mzee Kazi

Somo kwa wakatekumeni, wazee na vijana



Katika vijiji vyetu mko wengi mnaojifunza dini hali nywele zenu zimekwisha kuwa nyeupe. Wengine mmerudi kutoka mjini baada ya kufanya kazi miaka mingi katika migodi, katika njia ya reli au katika maofisi ya serikali. Mara nyingi mwasema: «Mimi ni mzee, nguvu zimekwisha. Nitamfaa Mungu kwa kazi gani?» Nao vijana huulizana chinichini: «Mzee huyu akaaye tu nyumbani, faida yake ni nini?» Somo la leo lajibu maswali haya mawili.

I. Kazi ya mshahara ina mwisho

Kazi ni kitu chema. Mungu alimweka mtu wa kwanza bustanini ailime na kuitunza, na Yezu mwenyewe alishika useremala kule Nazareti. Lakini kazi ya mshahara ina siku yake ya mwisho. Siku hiyo mfanyakazi hurudisha kitambulisho chake na vyombo vya bwana kazi, akatoka mlangoni mikono mitupu. Katika miaka 2003 na 2004 watu wa Katanga waliliona jambo hili kwa namna kubwa: wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini karibu pamoja, wengi wao baada ya utumishi mrefu.

Mtu wa namna hii hakosi mshahara tu. Alizoea kuamka alfajiri kwa sababu alingojewa. Alizoea kuitwa fundi au kapita. Sasa kunakucha, wala hakuna amngojaye. Hapo majaribu humwingia moyoni. Mmoja hukaa penye pombe tangu asubuhi. Mwingine hutwaa fedha aliyopewa wakati wa kutoka kazini, akaoa mke wa pili, na hivyo akajifungia mwenyewe mlango wa Ubatizo aliokuwa ameukaribia. Mwingine hunung'unika mchana kutwa, akawachosha mke na watoto. Mizizi ya mabaya hayo yote ni mmoja: mtu amedhani kwamba thamani yake ilikuwa katika kazi yake, na kazi ilipokwisha akaona ya kuwa yeye naye amekwisha.

II. Muhuri wa Ubatizo haurudishwi

Sikilizeni sasa fundisho la Eklezya. Anayebatizwa hutiwa rohoni muhuri usiofutika. Hata dhambi haiwezi kuufuta, wala ugonjwa, wala uzee. Ndiyo sababu Ubatizo hutolewa mara moja tu. Kitambulisho cha kazi hurudishwa. Muhuri huu haurudishwi kamwe. Tena kwa Ubatizo tunaungana na Kristu aliye Kuhani, Nabii na Mfalme, nasi twapata sehemu yetu katika kazi yake. Eklezya haikusema popote kwamba sehemu hiyo yatuondoka tukipata miaka sitini au themanini.

III. Mungu huita hata saa kumi na moja

Fungueni Maandiko Matakatifu, mtaona jinsi Mungu asivyohesabu miaka kama bwana kazi anavyoihesabu. Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani kwa amri ya Mungu. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Katika Evangili ya Mtakatifu Luka twamwona Anna, mjane wa miaka 84, aliyedumu hekaluni akifunga na kusali. Mtoto Yezu alipoletwa, wakubwa wa hekalu hawakumtambua. Mama mzee huyu alimtambua, akaanza kunena habari zake kwa watu wote waliongoja ukombozi.

Kumbukeni pia mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Alitoka asubuhi kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja, jua likielekea kutua, aliwakuta wengine wamesimama bure, naye akawapeleka shambani vilevile. Jioni wakapokea mshahara sawa na wale wa asubuhi. Ewe mzee unayejifunza sala leo, ndiwe kibarua wa saa kumi na moja. Usione haya. Mwenye shamba ametoka kukutafuta wewe.

Nyakati za karibu nazo zina mifano. Huko Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuelekeana na Moba yetu, alikaa Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa utotoni na kuuzwa mtumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista hapo hadi alipokufa mwaka 1956, naye ni mzee sana.

Lakini labda mmoja atasema: «Atiman alikuwa na nguvu, mimi hata kutembea ni shida.» Huyo amwangalie Papa Benedikto wa XVI. Mwaka 2013, akiwa na miaka 85, aliona ya kuwa nguvu zake hazitoshi tena kwa mzigo wake, akauweka chini. Alikaa katika nyumba moja ya watawa ndani ya Vatikano, akisali kwa ajili ya Eklezya, karibu miaka kumi, hata alipofariki tarehe 31 Desemba 2022. Aliacha cheo, hakuacha wito.

IV. Mzee afanye nini?

Kama kuhani, asali. Kijana hukimbilia shamba au soko. Mzee ana saa nyingi mkononi. Azitoe kwa Mungu: rozari moja kwa ajili ya wagonjwa wa kijiji, nyingine kwa ajili ya wale wanaogombana. Maumivu ya mgongo na usiku usio na usingizi ayaunganishe na mateso ya Yezu msalabani. Sadaka hiyo haihitaji miguu yenye nguvu.

Kama nabii, afundishe. Nani atawafundisha wajukuu Ishara ya Msalaba, wakati mama yao yuko shambani? Nani atamwonyesha kijana namna ya kunoa msumeno, kupiga matofali, kutengeneza baiskeli? Ujuzi uliopatikana kwa miaka thelathini usizikwe pamoja na mwenyewe.

Kama mfalme, atumikie. Maana Kristu Mfalme aliwaosha mitume wake miguu. Wazee hujua mipaka ya mashamba na maagano ya zamani. Pakitokea ugomvi, mzee asiyependelea upande aweza kuwapatanisha ndugu kabla hawajafikishana barazani. Ndiyo maana wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno.

V. Neno kwa vijana

Amri ya nne haina mwisho siku mzazi anapokosa mshahara. Kumheshimu mzee ni kumpa chakula na nguo, na tena kumpa nafasi: kumwomba shauri, kumwongoza kanisani, kumsikiliza. Kwa ajili hiyo Papa Fransisko aliweka, mwaka 2021, siku ya mababu, mabibi na wazee kila Dominika ya nne ya mwezi wa saba, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria.

Hapa tuseme wazi. Mahali pengine mtoto akifa, watu humtazama kikongwe na kusema: «Ndiye mchawi.» Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake waliosingiziwa uchawi waliuawa. Huo ni uuaji, nao ni dhambi kubwa dhidi ya amri ya tano. Mkatekumeni asishiriki kamwe katika neno hilo, wala kwa mkono, wala kwa ulimi, wala kwa kunyamaza.

Maswali ya kujipima

1. Je, thamani ya mtu yatoka katika kazi yake? — Hapana, yatoka kwa Mungu aliyemwumba na anayemwita.

2. Kwa nini mzee aliyebatizwa angali na kazi katika Eklezya? — Kwa sababu muhuri wa Ubatizo haufutiki, naye angali ameungana na Kristu Kuhani, Nabii na Mfalme.

3. Ni nani aliyemtambua Mtoto Yezu hekaluni akiwa na miaka 84? — Anna, mjane.

4. Vijana wanawiwa nini na wazee? — Heshima, msaada, na masikio ya kuwasikiliza.

Azimio la juma hili

Mzee achague mtoto mmoja na kumfundisha sala moja. Kijana aende kwa mzee mmoja aliye peke yake, amchotee maji, akae naye, amwulize habari za maisha yake.

Sala

Ee Mungu, uliyetuita asubuhi au jioni, utujalie wote kufanya kazi katika shamba lako hata jua litakapotua. Uwaondolee wazee wetu huzuni, utuondolee sisi kiburi. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.