SOMO: KIJANA ANAYEANZA KAZI YA MLINZI WA PORI

Watu wa vijiji vya Katanga, sikieni. Zamani mtu alitoka Lubumbashi, akatembea kidogo tu, akaingia katika pori la miti. Leo mchoma makala anakwenda mbali sana kutafuta mti wa kukata, na siku nyingi zinapotea njiani. Kwa hiyo vijana wengine wanauliza: kazi ya kulinda pori inaanza namna gani?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kazi ya parke: Upemba, iliyofanywa mwaka 1939, na Kundelungu, mwaka 1970. Walinzi wa huko ni watu wa serikali, chini ya ICCN. Ya pili ni pori la kijiji chenyewe. Tangu mwaka 2014 sheria inaruhusu kijiji kuomba pori lake kwa serikali, mpaka ektari 50,000, na kulitunza chenyewe. Kijana asidharau njia hii ya pili. Hapo atajifunza mambo mengi yaleyale, tena usiku atalala kwake.

Jambo la kwanza la kujifunza si bunduki. Ni kutembea na kuandika. Chukua daftari na kalamu ya risasi, maana wino unaharibika kwa mvua. Andika tarehe, saa, jina la kijito, nyama uliyemwona au nyayo zake, kisiki kipya, mtego. Usiandike “nyama wengi”. Andika “pundamilia 7”. Pundamilia wa Kongo wamebaki Upemba, nao si wengi. Mtu anayehesabu vibaya anadanganya wote wanaomfuata. Ukiona mtego wa waya, ufungue, uukunje, uupeleke kwa mkubwa wako. Ukiuacha chini, kesho mwingine atautega tena.

Sasa moto. Hapa vijana wengi wanakosa, kwa kuwa wanafikiri moto wote ni mbaya. Majani ya pori yetu yataungua tu. Neno ni wakati gani. Katika mwezi wa tano na wa sita majani yana maji bado. Moto wa wakati huo ni mdogo, unapita chini, unazimika usiku kwa umande. Lakini katika mwezi wa nane mpaka wa kumi kila kitu ni kikavu, na miti inatoa majani mapya. Moto huo unapanda juu na kuua miche. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka, wenye kazi ya misitu walianza kujaribu jambo hili mwaka 1933. Mahali palipochomwa kila mwaka mwisho wa kiangazi miti ilikufa, majani yakatawala. Mahali palipochomwa mapema miti ilibaki. Basi mwanafunzi afyeke njia ya kuzuia moto kwanza, halafu achome mapema, jioni, upepo ukiwa umetulia, na watu wa kutosha wenye matawi mabichi.

Tena kuna jambo gumu. Siku moja utamkuta mjomba wako kwenye tanuru la makala. Utafanya nini? Umsalimu kwanza. Umwulize ruhusa yake, uandike ulichokiona, umpe mkubwa wako habari. Usichukue gunia hata moja. Mlinzi anayekula makala ya watu ni mwizi mwenye kofia. Kama ana ruhusa, umwonyeshe kukata mti chini, karibu na udongo, bila kung'oa kisiki. Miti mingi ya pori letu inachipuka tena. Aache chipukizi mbili zilizo nzuri, na moto wa mwisho wa kiangazi usifike hapo.

Mke na wazazi wajue mapema kwamba kazi hii ina hatari. Katika parke ya Virunga walinzi zaidi ya 200 wameuawa. Mwanafunzi akiona watu wenye silaha, asiwafuate. Aangalie walivyo na wanakoelekea, arudi polepole, atoe habari. Hapo hakuna haya.

Maulizo. Katika pori la kijiji chenu, moto unapita mwezi gani? Nani anauwasha, na sababu gani? Mwanafunzi aende kuwauliza wazee wawili na mwindaji mmoja, aandike majibu katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake.