Kununua Gari la Barabara Mbaya Lililokwisha Tumika

Wakulima wengi wanaofika ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu na mbolea, wakiisha kujibiwa, husimama kidogo mlangoni na kuuliza neno jingine: "Karani, nataka gari litakalopita matope. Ninunue lipi?" Kwa hiyo mwezi huu tutaweka jembe kando, tujifunze namna ya kuchagua gari refu linalosukumwa na magurudumu manne, lililokwisha tumiwa na mwingine, kwa fedha za kadiri.

Jambo hili si dogo. Mtu huuza ng'ombe, au huchukua malipo ya majani ya chai ya mwaka mzima, akayatia yote katika gari moja. Gari likiwa zima, maziwa hufika mapema na mgonjwa hufika hospitali usiku wa mvua. Gari likiwa bovu, litakula shamba.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari lililong'aa kwa rangi mpya. Nilipofika kulitazama, injini ilikuwa imekwisha kuwashwa na ina moto. Sikuuliza kwa nini. Baada ya wiki saba lilianza kunywa maji ya radieta, kisha gasketi ya kichwa cha injini ikaungua. Niliuza mitamba miwili ili kulitengeneza. Mitamba ile ingekuwa inakamuliwa leo. Basi soma, usije ukalipa karo niliyolipa mimi.

1. Hesabu fedha kabla ya kuona gari

Tuseme una shilingi 1,000,000. Usitafute gari la shilingi 1,000,000. Toa fungu moja katika matano, yaani shilingi 200,000, uiweke kando. Fedha hizo ni za bima, za kubadilisha jina la mwenye gari, za mipira na oili, na za kutengeneza ubovu usioonekana siku ya kununua. Gari lako ni lile la shilingi 800,000 au chini yake. Mwenye kutumia senti yake ya mwisho kununua gari hana gari. Ana deni lililosimama uani.

Hesabu petroli pia. Mtu aendaye kilomita 1,000 kwa mwezi kwa gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita atanunua lita 125. Likienda kilomita 12 na nusu kwa lita, atanunua lita 80 tu. Tofauti ni lita 45 kila mwezi, ambazo ni lita 540 kwa mwaka. Zidisha lita hizo kwa bei inayotangazwa mwezi huu, uone ni magunia mangapi ya viazi.

2. Chagua kwa barabara yako na mzigo wako

Magari haya si ya namna moja. Kuna yale yenye chesisi yake mbali na bodi, na gia za chini zenye nguvu za kupandia mlima polepole, kama Toyota Land Cruiser Prado. Kuna mengine ambayo bodi na chesisi ni kitu kimoja, na kwa kawaida hayana gia hizo za chini, kama Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Forester. Hayo hupita matope ya kadiri na barabara ya kokoto vizuri, na kwa lami hutumia petroli kidogo kuliko yale makubwa. Suzuki Escudo ya miaka ya 2005 hadi 2017 yaweza kusemwa iko katikati: ni ndogo, na nyingi zilizo na magurudumu manne ya kusukuma zina gia za chini.

Kwa hiyo jiulize: kwa mwaka mzima, ni siku ngapi barabara yangu haipitiki kwa gari la kawaida? Kama unakaa Kinangop ndani, na mvua ndefu huifunga njia yako majuma mengi, gia za chini zina faida. Kama ni siku kumi tu, na siku zilizobaki unakwenda kwa lami, usilipe gharama ya gari kubwa kwa ajili ya siku kumi. Na kama kazi yako ni kubeba magunia kila siku, pengine si gari hili unalolitaka bali ni pikapu.

Jihadhari na jina kubwa. Kwa fedha ile ile utaonyeshwa gari kubwa lililochakaa na gari dogo lililo zima. Chukua lililo zima. Bei ya gari kubwa hushuka kwa uzee, lakini bei ya spea zake haishuki.

3. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie mwuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Kama kuna joto, rudi siku nyingine.

Likiwa baridi, fungua kifuniko cha radieta. Usikifungue kamwe likiwa moto, maana maji yataruka na kukuunguza. Maji yasiwe na mafuta juu yake. Fungua na kifuniko cha oili. Ukiona ndani uji mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia katika oili; funga, uende zako.

Kisha liwashwe, nawe simama nyuma utazame moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweusi ni mafuta yanayotiwa kupita kiasi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si kitu, lakini usipoisha hata injini ikipata moto, ni dalili ya maji kuingia ndani ya silinda. Ningalijua haya, mitamba yangu ingalikuwapo.

4. Lala chini ulitazame

Usione haya kuchafua shati. Rangi huficha juu. Chini hakuna afichaye sana. Tazama chesisi kama ina kutu ya kula chuma, au mahali palipochomelewa. Gari lililokaa pwani karibu na chumvi ya bahari hutakiwa kutazamwa zaidi. Tazama kama oili inavuja kwenye difu na giaboksi. Inua zulia la ndani. Ukiona mchanga na unyevu na harufu ya uvundo, huenda gari lilizama katika mafuriko.

Tazama mipira yote minne. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mipira yote iwe ya kipimo kimoja na isipishane sana kwa kuchakaa, kwa sababu magurudumu yasiyolingana huchosha difu la gari la namna hii.

Mita ya kilomita usiiamini peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma haikwenda kilomita 60,000 tu.

5. Liendeshe, kisha mwite fundi wako

Liendeshe mlimani na mahali tambarare, si kuzunguka uwanja wa mwuzaji tu. Kata kona kali mwendo mdogo ukisikiliza: mlio wa ta-ta-ta gurudumuni ni jointi iliyokwisha. Kama gari lina kigingi cha kuunganisha magurudumu manne, kijaribu juu ya udongo au majani, si juu ya lami kavu. X-Trail na Forester nyingi za miaka ya karibuni zina giaboksi ya CVT, inayotumia mkanda au mnyororo wa chuma. Giaboksi hiyo yataka oili yake maalumu, na ikiharibika ni ghali sana. Ikitetemeka au kuchelewa kushika, usinunue.

Mwisho lipelekwe kwa fundi uliyemchagua wewe, si fundi wa mwuzaji wala wa dalali. Ujira wake ni mdogo kuliko gasketi.

6. Karatasi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa juu ya chuma na ile iliyo katika kitabu cha gari. Kisha tafuta habari za gari hilo kwa NTSA, kwa njia ya eCitizen, ujue mwenyewe hasa ni nani. Ukiona jina la benki pamoja na la mwenye gari, ujue kuna mkopo. Usitoe fedha mpaka benki imeliachilia.

Lipa kwa benki, si kwa noti mkononi. Mwuzaji ndiye aanzishaye kubadilisha jina, nawe unakubali katika akaunti yako. Sheria ya trafiki haikuruhusu kulitumia zaidi ya siku 14 bila jina kubadilishwa. Wala usilitoe barabarani bila bima. Walau ile ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kwa sheria.

Maswali ya kujijaribu

Jibu haya pamoja na watu wa nyumbani kwako kabla ya kutoa shilingi moja. Je, fungu moja katika matano limebaki benki? Barabara yangu haipitiki siku ngapi kwa mwaka? Je, niliona injini ikiwashwa ikiwa baridi? Nani alilala chini ya gari? Jina lililo kitabuni ni la nani?

Ukikosa jibu la swali moja, ngoja. Magari yanaletwa kila siku Mombasa, na jingine litapatikana. Mtamba ukiisha kuuzwa haurudi.