Kabla ya kuinua pikapu, ipeleke mizani

Wenye pikapu wengi wanaotaka kuliboresha gari huanza na kimo: inchi 2, inchi 3, tairi kubwa. Msimamo wa majibu haya ni kwamba kimo ndicho cha mwisho kufikiria. Cha kwanza ni uzito ambao gari hubeba siku zote, na kila uamuzi juu ya springi, shokapu na bamba la chini unatoka hapo.

Nina Hilux ya milango minne na ninaitumia barabara za vijijini. Nataka kuiinua inchi 2. Nianzie wapi?

Anzia mizani ya kupimia malori. Pima gari likiwa limebeba vile linavyobeba kawaida, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kisha linganisha na kibati cha uzito kilichobandikwa na kiwanda. Hilux imetengenezwa kubeba karibu tani 1, lakini ndani ya tani hiyo wamo watu pia, na kila kitu ulichofunga baada ya kuinunua. Tuseme watu 5 ni kilo 350, bampa la chuma na winchi kilo 90, kava la nyuma kilo 80, mabamba ya chini kilo 40, maji lita 40 na tairi la pili la akiba kilo 30. Hapo umefika kilo 630 na bado hujapakia gunia hata moja. Mwenye gari hili akiona nyuma imelala hudhani springi zimechoka, kumbe zinafanya kazi ya mzigo ambao hakuuhesabu.

Mizani hukuambia pia kama kweli unahitaji springi mpya. Pikapu ya mkulima inayokwenda shamba ikiwa tupu na kurudi na mzigo mara moja kwa wiki inafaa kubaki na springi za kiwandani. Gari la utafiti au la mgodini lililofungiwa kilo 400 zisizoshuka kamwe linahitaji springi zilizopimwa kwa kilo hizo.

Lakini nikiinua si nakinga tumbo la gari?

Unakinga sehemu tu, na si ile inayogonga zaidi. Ekseli ya nyuma ya Hilux ni bomba moja lenye difu katikati, na limekalia tairi. Ukiinua springi, bodi na chesisi vinapanda, difu inabaki palepale. Kinachoiinua ni tairi, nacho kwa nusu tu: tairi lililozidi kipenyo kwa milimita 50 hupandisha difu milimita 25. Mbele hali ni tofauti, kwa sababu difu imefungwa kwenye chesisi nayo hupanda pamoja na gari. Ila hapo unalipa kwa njia nyingine: shafti za mbele zinakaa kwenye pembe kali, na jointi na buti zake za mpira huisha mapema. Alaimenti nayo hutoka nje ya kipimo, hata amu za juu za kiwandani zikashindwa kuirudisha. Milimita 40 hadi 50 kwa kawaida hurekebishika. Ukizidi hapo, kila kifaa unachoongeza kinatengeneza kilichoharibiwa na kile cha kabla yake.

Kuna jambo moja ambalo gereji nyingi hulisahau. Hilux nyingi zina valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo kupitia kijiti kilichounganishwa na ekseli. Nyuma ikipanda, valvu hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati huo huo gari limebeba mzigo kamili. Anayeinua bila kuirekebisha valvu hiyo amepunguza breki za gari lake.

Fundi springi anasema aongeze jani moja nyuma, bei ni ndogo. Kuna ubaya gani?

Kwa gari lenye mzigo wa kudumu, jani lililochaguliwa vizuri ni suluhisho halali, na mafundi springi wetu wanaijua kazi hiyo. Ubaya ni jani nene lililotolewa kwenye gari jingine na kuwekwa kwenye pikapu inayotembea tupu nusu ya siku zake. Springi ngumu kupita uzito huacha tairi lirukeruke badala ya kukanyaga, na tairi lisilokanyaga halishiki breki wala kona. Mifuko ya hewa ya kusaidia springi nayo itazamwe kwa uangalifu. Inasukuma sehemu moja ya chesisi ambayo kiwanda hakikuitarajia, kwa sababu jani hugawa mzigo kwenye ncha zake mbili. Ukiweka mzigo mzito nyuma kabisa ya ekseli na kupiga mashimo kwa kasi, chesisi inaweza kupinda nyuma ya kabini.

Tena, springi mpya haiongezi uzito unaoruhusiwa. Breki, beringi na ekseli ni zilezile.

Kwa nini unasisitiza shokapu?

Kwa sababu ndizo zinazofanya kazi ngumu kuliko zote na ndizo zinazopuuzwa. Springi hupokea nguvu ya shimo na kuirudisha. Shokapu huigeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Chukua kipande cha kutoka kreta ya Ngorongoro kuelekea geti la Naabi, barabara iliyofanya mikunjo kama bati. Huko shokapu haipati nafasi ya kupoa. Mafuta yakipata joto na kuchanganyika na hewa hutoa povu, na povu haliwezi kuzuia kitu. Dereva husikia usukani umekuwa mwepesi na nyuma inahama kwenye kona. Shokapu nene zaidi, yenye mafuta mengi na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo, huchelewa kufika hapo. Ila lazima ilingane na springi: springi ngumu yenye shokapu laini humrusha abiria, na shokapu kali kwenye springi laini huizuia isirudi kabla ya shimo linalofuata.

Lala chini ya gari utazame. Shokapu iliyoshikwa na tope la mafuta na vumbi imevuja. Raba ya kizuio iliyopasuka inasema ekseli imekuwa ikigonga chesisi.

Bamba la chini liwe chuma au alumini?

Hesabu husaidia. Bamba la chuma la milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 23.5 kwa mita ya mraba. La alumini la milimita 6 lina kilo 16 hivi. Kwa kuwa ugumu wa bamba hukua kwa kipeo cha tatu cha unene, hilo la alumini ni jepesi zaidi na bado ni gumu kukunjwa karibu mara 3. Hoja ya wapenda chuma ni ya kweli pia: chuma huteleza vizuri juu ya mwamba, ni cha bei nafuu, na fundi yeyote wa Mto wa Mbu anaweza kukinyoosha na kukichomelea. Kwa njia ya mawe ya volkano kuelekea Ziwa Natron ningechagua chuma chini ya sampu na alumini chini ya giaboksi.

Lifungwe kwa bolti kwenye matundu ya chesisi, lisichomelewe. Liwe na tundu la kumwagia oili na nafasi za hewa, na liweze kushushwa kwa urahisi, kwa sababu majani makavu yakijikusanya juu yake karibu na bomba la moshi huwaka moto.

Baada ya kufunga?

Kaza yubolti upya baada ya kilomita 500, pima alaimenti na rekebisha taa za mbele. Na kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu, nunua shokapu 4 zinazolingana na uzito ulioupima. Kama njia yako ni ya mawe, bamba la sampu litangulie. Kimo kisubiri.